Baiskeli ya nyumbani apewe msichana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu wanafunzi wa sekondari za kutwa huku Bukoba na Muleba.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulituletea shule nyingi za kata, na tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne. Wananchi tunashukuru. Lakini kata ina vijiji kadhaa, na shule ipo katika kimoja. Kwetu ni vilima, na katikati mabonde ya majimaji. Kijijini nawaona wasichana wakiondoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado.

Njiani hukutana na mwenye pikipiki anayesema, "Panda nikusogeze." Lifti hiyo si ya bure. Wazazi tunajua mwisho wake, hata kama tunaona haya kuusema. Kweli, Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Novemba 2021 Serikali iliruhusu waliojifungua warudi shuleni. Hatua hizo ni nzuri, ila zote huja baada ya msichana kuumia. Mimi nasema tuanzie njiani.

Katika nyumba nyingi baiskeli ipo. Asubuhi hubeba mikungu ya ndizi kwenda sokoni, au huchukuliwa na mtoto wa kiume. Msichana hutembea. Desturi hiyo tuiache. Na asiye na baiskeli, akilipwa fedha za kahawa, ainunue kabla ya kufikiria sherehe.

Wapo watakaosema mlima wa kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu haupandiki kwa baiskeli. Basi ataikokota penye mlima na kuipanda palipo tambarare. Bado atamtangulia aendaye kwa miguu. La muhimu breki ziwe nzima, maana mvua zetu hufanya njia ziteleze.

Serikali za vijiji nazo ziitishe kazi za kujitolea, tutengeneze vivuko vya mabondeni. Kwa wale wanaotoka mbali mno, hosteli zijengwe.

Kufuta ada hakumsaidii mtoto asiyefika shuleni salama. Wazazi wenzangu, jambo hili halingoji mfadhili.

Mzazi,
Muleba, Kagera.