Kisima na Choo: Nani Apime Masafa?

Ndugu zetu Waislamu, mvua za masika zikishika, khofu ya kipindupindu hurudi majumbani. Ndivyo tulivyo tangu maradhi haya yaripotiwe visiwani mwaka 1978. Sehemu kubwa ya Unguja ni jiwe la chokaa, na uchafu hupenya haraka. Ng'ambo, choo cha shimo na kisima hugawana uwanja mmoja.

Fiqhi haikulisahau hili. Maulamaa walikiwekea kisima kilichochimbwa katika ardhi isiyo na mwenyewe harimu yake, yaani eneo la pembezoni ambalo mwengine hachimbi akakidhuru. Lakini mitaa yetu imejaa. Kila futi ina mwenyewe, na jirani hawezi kumpimia jirani. Hapo ndipo penye kazi ya serikali za mitaa.

Tatizo ni kuwa kazi imegawika. Maji yako kwa ZAWA, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 4 ya 2006. Usafi na taka ziko kwa mabaraza. Mmoja akichimba kisima bila ya kumuuliza mwenziwe vyoo viko wapi, mali ya umma hupotea na watoto huumwa.

Tunaona wajibu ni mawili. Viongozi wawe na ramani moja ya visima na vyoo kwa kila shehia kabla ya kutoa kibali. Nasi tukiitwa na sheha kikaoni twende, na anayetaka kuchimba kisima cha waqfu apime kwanza. Sadaka ya maji ina thawabu nyingi, lakini Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametukataza kudhuru na kudhuriana.

Wallaahu A'alam.