Bandari imepata waraka, shamba la mjane je?



Agosti 18, 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) lilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, ule ambao Bunge liliupitisha Juni 10 mwaka huohuo. Tamko likasomwa makanisani. Hata huku Lalago, ambako bahari tunaiona kwenye kalenda tu, watu walitoka misani wanabishana habari za DP World kama vile wana meli zao zimetia nanga Dar. Mimi nilifurahi. Miaka mitano kabla ya hapo, Machi 2018, maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa Pasaka, "Taifa Letu, Amani Yetu". Ikaja barua ya Wizara ya Mambo ya Ndani ikiwataka waufute, kisha waziri mwenyewe akaikana barua hiyo. Na Aprili 30, 2025 Katibu Mkuu wa TEC, Padri Charles Kitima, mkosoaji wa wazi wa serikali, alishambuliwa na kujeruhiwa pale Kurasini.

Kwa hiyo asije mtu akasema viongozi wa makanisa yetu ni waoga. Sio waoga.

Ishu yangu ni nyingine. Kanisa hilohilo linalosikika mpaka Ikulu, huku kwetu Usukumani halisikiki hatua hamsini kutoka kwenye kaburi ambalo limetoka kulibariki. Nieleze.

(Kabla sijarushiwa mawe: najua Lalago iko wilaya ya Maswa, sio Bariadi. Wa nje wanatuchanganya tangu mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012 na makao makuu yakawekwa Bariadi. Kabla ya hapo wote tulikuwa Shinyanga, na hayo ya Shinyanga ndiyo nakuja nayo.)

Ukisikia "mauaji ya vikongwe", kichwani unaona ushirikina. Bibi ana macho mekundu, basi ni nogi, mchawi. Macho yenyewe mekundu kwa sababu amepikia mavi ya ng'ombe miaka arobaini! Miti ilikwisha, kuni hakuna, na moshi wa mavi makavu kwenye kijumba kisicho na dirisha kila mtu anajua unavyochoma. Ndio maana mimi huwa nasema mradi wa HASHI, ule wa hifadhi ya ardhi Shinyanga ulioanza 1986 na kurudisha ngitili kwenye zaidi ya hekta 300,000, kwa namna yake ulikuwa mradi wa kuokoa bibi zetu, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Na sio jambo la jana. Kamati ya serikali ya mwaka 1988 ilihesabu watu 3,693 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi kati ya 1970 na 1984: wanaume 1,407, wanawake 2,286. Sehemu kubwa ni huku Usukumani. Vijana wengi hawajui kuwa mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani Januari 1977 kwa sababu ya msako wa mauaji hayohayo Mwanza na Shinyanga. Watuhumiwa walikamatwa, wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa dola, naye akabeba dhamana. Mwaka 2013 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kilihesabu tena: 765 nchi nzima, wanawake 505.

Sasa jiulize. Kama ni ushirikina mtupu, mbona mchawi ni mjane mara nyingi kiasi hicho? Na mbona mjane mwenyewe ana shamba?

Hapo ndipo mahubiri yetu yanapopita pembeni. Mchungaji anakemea ushirikina, kwaya inaimba, tunarudi nyumbani. Ila kuna sheria haikemewi. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimnyima mjane fungu la urithi pale ambapo marehemu ana ndugu wa ukoo. Eti fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, wanaojulikana kwa herufi tu, E.S. na S.C., walifukuzwa kwenye nyumba walizoishi na waume zao na wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba mila hiyo inabagua, lakini ikakataa kuitengua. Rufaa ikakaa mpaka 2010, ikatupwa kwa kasoro ya nyaraka. Nyaraka jamani! Wakaenda mpaka Umoja wa Mataifa, na Machi 2015 kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imewakosea, iwalipe fidia na irekebishe sheria hiyo.

Ni kesi ya kwetu, ya wanawake wa kwetu, imefika mpaka huko. Mimi sijawahi kuisikia mimbarini hata mara moja. Ya bandari nimeisikia.

Sasa unganisha. Mjane aliyerudi kwao au aliyerithiwa na shemeji hana matata. Anayesumbua ni yule aliyebaki, analima pamba yake na mahindi yake, na anasema shamba ni lake na wanawe. Ukimpeleka baraza la ardhi anaweza kushinda, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume. Lakini mtoto wa jirani akiugua degedege na jina la bibi likatajwa, hakuna baraza litakaloitishwa. Sisemi kila kesi iko hivyo, wapo wanaoamini kabisa wanachokisema. Nasema tuhuma ya uchawi ndiyo hati ya bei rahisi kuliko zote ya kumtoa mtu kwenye ardhi.

Biblia inaijua hadithi hii. Wafalme wa Kwanza sura ya 21: Nabothi alikataa kutoa shamba lake la mizabibu. Hawakumnyang'anya hivihivi. Walitafuta mashahidi wawili wa uongo, akashtakiwa kosa la dini, akapigwa mawe, ndipo mfalme akashuka kulichukua shamba. Nimesikia mahubiri mengi sana ya Yezebeli, karibu yote ni ya wanja na lipstiki. La shamba linarukwa.

Na kuna kitu kibaya zaidi ya kukaa kimya. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino kututia aibu duniani. Sawa. Lakini nabii mwenye maikrofoni anayemwambia kijana mbele ya watu kwamba "aliyekufunga ni mwanamke mzee wa upande wa baba yako", huyo anafanya nini kama si ramli? Tofauti ni spika tu. Na sheria ya uchawi tunayoitumia ni ya mkoloni, ya mwaka 1928, nayo inauchukulia uchawi kama kitu kipo. Kuna kazi ya utetezi hapo kwa maaskofu, kama wanatafuta kazi.

Ila mimi sisubiri waraka wa Dar. Nazungumzia siku ya msiba.

Mnajua inavyokwenda. Mchungaji au katekista anaongoza ibada, tunazika, anakula wali, anapanda pikipiki anaondoka. Kikao cha ukoo kinaanza akishaondoka! Hapo ndipo anateuliwa msimamizi wa mirathi, hapo ndipo unaandikwa muhtasari utakaopelekwa mahakama ya mwanzo. Mjane yuko ndani kajifunika khanga, mara nyingi haulizwi. Wazee wanasaini. Muhtasari ule ni karatasi moja tu, lakini ukishagongwa muhuri, kuupindua ni nauli za mwaka mzima kwenda na kurudi Maswa mjini.

Hivi ingekuwaje mwenyekiti wa jumuiya na mama mmoja wa WAWATA, au mzee wa kanisa kwa wenzetu wa AICT na KKKT, wakae kwenye kikao kile mpaka mwisho? Sio kuamua. Kukaa tu, na kuuliza mama ameandikwa wapi. Jumuiya ndogondogo zinajua kila nyumba, nani anaumwa, nani hajatoa zaka. Cheti cha ndoa kiko kwenye kabati la parokia. Na jina la bibi likianza kunong'onwa, jumuiya ndiyo husikia kabla ya polisi, wiki nyingi kabla.

Atakuja mtu hapa chini kusema mambo ya ukoo sio ya kanisa. Sawa, lakini mbona mahari tunaingilia? Mbona mwanandoa aliyeoa mke wa pili tunamtenga na meza ya Bwana, tena kwa tangazo? Na shemeji aliyemtoa mjane shambani nimemwona mwenyewe kwenye harambee ya bati, ameshangiliwa, jina limesomwa na kiasi.

Wadau wa Malampaka, Mwanhuzi, Bariadi, na ninyi wa Kolandoto: misibani kwenu mchungaji hubaki mpaka kikao cha ukoo kiishe, au naye anawahi pikipiki?