NUSU BEI SIYO HUDUMA KWA MTOTO

(1)
Likizo ya shule inakaribia, na ninyi mlioko Uingereza, Ujerumani na Uholanzi mmenijazia meseji: "Nesi, tunaenda Sevilla, Uhispania. Kuna matembezi ya kuonja vyakula, wameandika yanafaa familia. Tulipie?"

Jibu langu litawaudhi wafanyabiashara. Maneno "yanafaa familia" peke yake hayana maana. Mara nyingi yanamaanisha mtoto analipiwa nusu, basi. Njia ni ileile, saa ni zilezile, sahani ni zilezile za watu wazima wanaoshushia divai.

(2)
Tuanze na mwili wa mtoto. Matembezi haya huchukua kama saa 3 kwa miguu, baa hadi baa. Ya jioni huanza wakati wanao wanatakiwa kulala, maana Wahispania hula chakula cha usiku kuanzia saa 3. Julai na Agosti joto la Sevilla hufika na kupita digrii 40. Sasa mtoto wa miaka 3 anafurahia nini hapo?

Njoo mezani. Zeituni zenye kokwa. Lozi nzima. Mtoto wa chini ya miaka 5 hapewi lozi wala karanga nzima, atapaliwa! Halafu jamón, ile nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Gramu 30 tu zina chumvi zaidi ya gramu 1, na mtoto wa mwaka 1 hadi 3 asizidishe gramu 2 kwa siku nzima.

(3)
Mama mjamzito, hapa soma mara mbili.

Agosti 2019, hapohapo Sevilla, nyama baridi ya nguruwe iitwayo carne mechada ilieneza bakteria wa Listeria. Ni chakula cha kawaida kabisa kwenye baa za huko. Watu zaidi ya 200 waliugua, wengine walifariki, na kuna wajawazito waliopoteza mimba.

Sisemi muogope mji. Nasema Listeria huzaliana hata ndani ya friji, na nyama haibadiliki harufu wala rangi. Mama anaweza kuona homa ndogo tu, kumbe aliye tumboni yuko hatarini. Kwa hiyo nyama baridi za kukatwa na jibini laini ya maziwa yasiyochemshwa, waachie wengine. Ukipata homa, hata wiki kadhaa baada ya safari, nenda hospitali na useme ulikula nini.

(4)
Najua mtaniambia: "Nesi, mbona watoto wa Sevilla wanakula hivyohivyo na wamenawiri?"

Ni kweli, na wale watoto wanakwenda baa na mama zao. Lakini mama yule anaijua baa, anaijua lugha, na mwanawe akichoka anaondoka. Wewe uko kwenye ratiba ya mtu mwingine na hela umeshalipa. Ndiyo maana anayekuuzia lazima ajibu maswali, tena kwa maandishi:

– Mtoto akichoka, tunaweza kukatisha njiani? Kigari chake kinapita?
– Kila kituo tunakula nini hasa?
– Mjamzito anapewa nini badala ya nyama baridi?
– Mwenye aleji je? Sheria ya Ulaya inazitaka baa na migahawa itoe taarifa za vyakula 14 vinavyoleta aleji, hata kwa chakula kisichofungashwa. Kwa hiyo hujaomba fadhila.
– Kwa Waislamu: kipi hakina nguruwe wala divai? Hata salmorejo, supu baridi ya nyanya, hunyunyiziwa jamón juu. Jifunzeni maneno "sin cerdo", yaani bila nguruwe.

(5)
Akijibu yote vizuri, mlipe, tena kwa furaha. Akikuambia "usijali, watoto wanapenda sana", funga mkoba.

Nendeni wenyewe asubuhi, kabla ya jua kali. Vukeni daraja la Isabel II mkitoka katikati ya mji, soko la Triana liko palepale. Agizeni espinacas con garbanzos, yaani spinachi na dengu. Mama wa Tanga hatashangaa. Ulizeni tu kama wameweka lozi au mkate. Agizeni samaki wa kukaanga, mtoe miba. Agizeni tortilla ya viazi, ambayo ni chipsi mayai kabisa, ila ombeni iliyoiva hadi katikati. Maji ya bomba ya Sevilla yanafaa kunywa, jazeni chupa. Mtoto akilia, mnarudi kulala. Hakuna wa kuwanunia.

Hela ni yako, mama, na mtoto ni wako. Mtumie mama mwenzako kabla hajalipia.

Nesi wenu.