MAMA NA SINDANO: Maua juu ya feltri

Pale Mapendo, Goma, mama ambaye bwana yuko machimboni, Rubaya ao Walikale, ananunua kitambaa na franka za chakula. Akikiharibu, watoto wanalala njaa. Kwa hiyo tusichore juu ya kitambaa chenyewe.

Feltri haikufumwa, ni manyoya yaliyogandamizwa. Kalamu inapotea ndani, kaboni inaacha doa. Utaosha? Feltri ya sufu ikipata maji ya moto inasinyaa. Basi!

Chora ua kwenye karatasi nyepesi, uishikize kwa pini. Fuata mistari kwa uzi wa rangi nyingine, ukishona karatasi na kitambaa pamoja. Kisha pasua karatasi polepole, kidole kikikandamiza mshono. Ukivuta kwa hasira unachomoa uzi wote. Maua yakiisha, toa nyuzi za alama zinazoonekana.

Kwa jinzi, toboa mistari ya karatasi kwa sindano, usugue juu yake unga wa makala. (Nani Goma hana makala?) Kama kitambaa ni cheusi, chaki. Lakini funga mlango, upepo usipeperushe, na uunganishe nukta na kreyo mara moja.