Mkulima wa Beni aanzie wapi siasa?

Uchaguzi ukikaribia, Butembo na Beni, huku Kivu Kaskazini, hurudi lalamiko lile lile: hawa tunaowapeleka Goma na Kinshasa hawajui jembe. Si uongo. Kakao ya Beni, kahawa ya miteremko ya Ruwenzori na viazi vya Lubero ndivyo vinavyojaza soko na kulipa karo, lakini wakubwa waliotoka huku walipita njia nyingine. Antipas Mbusa Nyamwisi, waziri wa mambo ya nje wa Kongo mwaka 2007 na 2008, alijulikana kwanza kama kiongozi wa waasi wa RCD-K/ML. Julien Paluku, gavana wa Kivu Kaskazini kuanzia 2007 hadi 2019, alitokea kwenye ofisi za utawala. Wengine walitokea dukani, maana Butembo ni mji wa wafanyabiashara na kampeni ni pesa.

Je, dawa ni kumtafuta mkulima mmoja shupavu tumpigie kura? Nina mashaka. Misri ilijaribu kulimaliza jambo hili kwa sheria: tangu 1964 nusu ya viti vya bunge vilitengwa kwa wafanyakazi na wakulima. Wenye mali na maofisa wastaafu wakajiandikisha kuwa wakulima, na kanuni hiyo haikuingizwa tena katika katiba ya 2014. Australia mambo yalianzia chini. Chama cha Country, kilichoundwa 1920, kilitokana na vyama vya wakulima vilivyokwisha kujipanga vyenyewe. Mkulima aliyeingia bungeni kwa tiketi hiyo alikuwa mtu wa kutumwa, na waliomtuma alikuwa anawajua kwa majina.

Sisi nasi vyama tunavyo. SYDIP ilianzishwa Butembo mwaka 1993 kutetea wakulima, hasa katika migogoro ya ardhi. LOFEPACO inawaunganisha wanawake wakulima, na nani asiyejua ni mikono ya nani inayopalilia mashamba yetu? Humo wamo watu waliozoea kuendesha mikutano na kumkabili mwenye shamba kubwa bila kutetemeka. Wanachokosa ni mahali pa kuanzia. Tangu Katiba ya 2006, mabaraza ya vijijini, yaani ya sekta na ya usultani, hayajapigiwa kura hata mara moja. Mgombea wa usultani wa Bashu au wa sekta ya Ruwenzori angefanya kampeni kwa miguu, mbele ya majirani wanaojua shamba lake lilivyo. Badala yake anatakiwa aruke hadi bunge la jimbo, ambako sheria ya uchaguzi ya 2017 inaitupa nje orodha isiyofikisha 3% ya kura za jimbo zima. Basi huomba nafasi kwenye orodha ya tajiri, na akishashinda, tajiri hudai chake.

Na bunge lenyewe liko wapi? Mei 2021, kwa amri ya hali ya dharura, utawala wa kijeshi ulichukua madaraka ya gavana na ya bunge la jimbo. Mauaji ya raia yaliyoanza Beni Oktoba 2014 yamewang'oa watu mashambani, na kakao nyingi imevunwa na wasioipanda. Huko Mayangose, pembeni mwa mji wa Beni, wakulima wanavutana na Hifadhi ya Virunga. Haya ndiyo mambo ya kumtuma mtu akayaseme, na ndiyo yaliyokosa pa kusemewa.

Nitaambiwa kwamba bila usalama uchaguzi wa vijijini hauwezekani. Kwa Watalinga au Mbau, ambako mauaji hayo yamefika, sibishi. Lakini mabaraza hayo hayakuchaguliwa hata Lualaba, ambako hakuna waasi wa ADF wala wa M23. Vita si sababu pekee. Wanasiasa wa Kinshasa, na wa kwetu pia, hawana haraka ya kuona diwani wa kijijini akikagua kodi za sokoni na ugawaji wa ardhi.

Kwa hiyo nawasihi viongozi wa vyama vya wakulima: kabla ya uchaguzi wa 2028, msimpe mgombea yeyote ukumbi wenu wala kura zenu mpaka atie sahihi kwamba atadai uchaguzi wa mabaraza ya sekta na usultani. Asiyetia sahihi, apite.