KITANDA CHA MSAFIRI

Msafiri atokaye Kigoma, au Songea, au Mpanda, akishuka kwenye basi pale Mbezi saa tisa ya usiku, neno lake la kwanza si kuuliza habari za mji. Huuliza gesti. Amechoka, miguu imevimba, mkononi ana mfuko na pengine mgongoni ana mtoto, na kibindoni mna fedha alizozihesabu mara tatu njiani. Bodaboda humfikisha kwenye mlango wa chuma ulioandikwa kwa rangi kwamba hapa ndipo nyumba ya kulala wageni. Hugonga. Mlinzi huamka. Huambiwa bei ya chumba, hulipa taslimu, na papo hapo huambiwa jambo la pili: ikifika saa nne asubuhi sharti awe amekwisha toka, ama alipe tena.

Twaomba kila msomaji aifanye hesabu hiyo mwenyewe. Toka saa tisa usiku hata saa nne asubuhi ni saa saba. Msafiri huyu amelipa bei ya siku nzima kwa saa saba, na katika hizo sehemu nyingine imekwisha katika kutafuta maji ya kuoga na kungoja shuka. Zamani jambo hili halikuwa zito sana, kwa kuwa mabasi ya mikoani yalikatazwa kusafiri usiku, na abiria wengi walifika jioni. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kwenda usiku. Ratiba za mabasi zimebadilika. Saa nne ya gesti haikubadilika.

Wako watakaouliza kwa nini tunautumia ukurasa huu kwa habari za vitanda na ndoo. Twawajibu kwamba Dar es Salaam, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu 5,383,728, si mji wa hao peke yao. Ni kweli Dodoma ndiyo makao makuu, na sheria ya mwaka 2018 imelithibitisha jambo hilo. Lakini bandari iko hapa, Muhimbili iko hapa, Kariakoo iko hapa, na mahakama na ofisi nyingi ambazo mwananchi wa mkoani huitwa kufika zingali hapa. Mwenye duka wa Mbeya huja kununua mali. Mfanyabiashara wa Lubumbashi na wa Lusaka huja vivyo hivyo. Mzee aliyestaafu huja na bahasha yake kufuatilia mafao. Mama huja na mgonjwa. Hao wote jua likichwa wanahitaji mahali pa kuweka kichwa, na hoteli kubwa za ufukweni hazikujengwa kwa ajili yao.

Zamani mtu alifikia kwa nduguye. Alibeba mchele kidogo na kuku, akalazwa kwenye mkeka sebuleni, na aliyejua adabu hakungoja kukumbushwa kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Desturi hiyo haijafa, wala hatutaki ife. Lakini ndugu mwenyewe leo yuko Mbagala au Gongo la Mboto katika chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia, watoto upande huu na wazazi upande ule. Kumlaza shemeji hapo ni kuwaamsha watoto waende wakalale kwa jirani. Ndiyo maana msafiri mwenye haya huenda gesti, akampigia nduguye simu kesho yake asubuhi na kumwambia kwamba amefika salama.

Mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na joto lisilopungua hata usiku wa manane, tulikwenda sisi wenyewe kulala katika nyumba moja ya namna hiyo upande wa Kariakoo. Tulilipa shilingi 20,000. Jina la nyumba hatutalitaja, maana hatukuona kwamba ni mbaya kuliko jirani zake. Kwa mambo mengine ilikuwa afadhali. Shuka zilikuwa zimefuliwa. Kijana wa mapokezi alikuwa na heshima. Tulipewa sabuni ndogo, ndara mbili zisizolingana, na taulo.

Kisha tukaletewa daftari la wageni. Daftari hilo lina nafasi ya jina, ya kazi, ya utokako na uendako, na ya sahihi. Pia lina nafasi ya kabila. Tuliuliza kabila la mtu lina kazi gani katika kulala. Kijana alicheka, akasema kwamba ndivyo daftari linavyouzwa dukani, limekwisha pigwa mistari. Basi sharti tuseme na wachapaji. Nchi hii imefanya kazi kubwa, kwa miaka mingi, ya kuwafundisha watu wake wasiulizane swali hilo mlangoni, na leo mtu hawezi kupata kitanda mpaka alijibu kwa kalamu. Nafasi ya namba ya kitambulisho yatosha kwa polisi, na kwa mwenye nyumba pia.

Chumba kilikuwa na pangaboi lililozunguka vema mpaka umeme ulipokatika. Chandarua kilikuwapo, chenye tundu lililofungwa fundo. Twasema jambo hili bila dhihaka, kwa kuwa mbu wa malaria huuma usiku, na mtu aliyetoka nyanda za baridi za Njombe au Mbulu mwili wake haukuzoea malaria ya pwani. Hulala usiku mmoja Dar es Salaam, akarudi kwake, na baada ya juma moja au mawili homa humkamata akiwa shambani, wala hakumbuki tena lile fundo.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mapipa matatu ya maji, na mawili hayakuwa na vifuniko. Hapa twataka kuwatendea haki wenye nyumba. Maji ya jiji hili hutegemea sana mto Ruvu, na Ruvu ukipungua, kama ulivyopungua mwaka 2022 mpaka maji yakagawiwa kwa zamu, mwenye gesti hana budi kuyaweka akiba au kuyanunua kwa boza. Kuweka akiba si kosa. Kosa ni kuliacha pipa wazi, kwa maana mbu aletaye homa ya dengi hazai katika mitaro michafu kama wengi wanavyodhani. Huzaa katika maji safi yaliyotulia, katika pipa na ndoo na kisahani cha chungu cha maua, naye huuma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa. Jiji hili liliugua dengi mwaka 2014 na mara nyingine mwaka 2019. Kifuniko cha pipa ni kitu cha bei ndogo.

Lililotunyima usingizi lakini halikuwa mbu. Dirisha lilikuwa na nondo nene zilizochomelewa ukutani. Ngazi ilikuwa moja. Chini, baada ya saa sita, lango lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa mlinzi. Twajua sababu yake. Wezi wapo, na mgeni mwenyewe hupenda kusikia kufuli likilia. Lakini sote tuliona Soko la Kariakoo likiungua usiku wa Julai 10, mwaka 2021. Soko usiku halina watu waliolala ndani. Nyumba ile ilikuwa na vyumba kumi na vinane, na majirani walituambia ziko nyingine zenye zaidi. Tulimwuliza mlinzi moto ukitokea atafanyaje. Akasema atafungua. Tukamwuliza je, kama yeye ndiye aliyekwenda kununua chai? Hakujibu, na sisi hatukumlaumu, maana si yeye aliyechora nyumba. Nondo za dirisha moja katika kila ghorofa zaweza kutiwa bawaba na kufungwa kwa ndani. Fundi wa mtaani huifanya kazi hiyo kwa siku moja. Bwana afya na watu wa zimamoto wapaswa kuuliza habari ya dirisha hilo kabla ya kuuliza leseni.

Liko jambo jingine ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, nasi tutalisema kwa staha. Nyumba nyingi za namna hii hupata faida kubwa zaidi kwa wapangaji wa saa mbili kuliko kwa msafiri alalaye usiku kucha. Chumba kimoja chaweza kulipiwa mara tatu kabla ya saa nne za usiku. Kwa hiyo msafiri afikaye mapema huambiwa vyumba vimejaa, naye aona funguo zinaning'inia ukutani. Hatuandiki haya ili kuwachunguza watu wazima mambo yao. Twaandika kwa sababu aliye na mzigo na mtoto hurudishwa barabarani, na kwa sababu desturi hiyo imemharibia jina kila mwanamke asafiriye peke yake. Mwalimu wa kike aliyeitwa Dar es Salaam kwa kazi yake, akisimama mapokezini, hutazamwa toka juu mpaka chini. Huulizwa yuko na nani. Mwanamume aliyesimama nyuma yake haulizwi.

Kijana yule wa mapokezi tulimkuta saa mbili usiku, na tulimwacha palepale asubuhi. Alilala kwenye kochi akiwa amevaa viatu. Alituambia kwamba zamu yake huanza Jumatatu na kwisha Jumamosi, kwamba hana karatasi yoyote ya mkataba, na kwamba mgeni akiondoka na taulo, taulo hukatwa katika mshahara wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, wala tisa kwa siku. Kwamba kati ya siku ya kazi na siku ya kazi mtu apumzike saa 12 mfululizo. Na kwamba afanyaye kazi usiku aongezwe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Sheria hiyo haikusema kwamba ni kwa hoteli zenye lifti tu. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi hufika katika hoteli kubwa, kwa maana huko wanachama ni wengi na ada hukatwa kwa urahisi. Twawaomba wapande na ngazi hizi nyembamba. Watawakuta watu wawili au watatu kila nyumba, na nyumba ni nyingi mno.

Wenye nyumba watasema kwamba tukidai haya yote bei itapanda, na mnyonge tunayemtetea atalala kituoni. Neno hilo lina uzito, na hatulipuuzi. Hatutaki kuona halmashauri ikipita na rangi nyekundu ikifunga gesti kumi kwa siku moja ili ionekane imefanya kazi. Msafiri wa usiku huo ataiona faida gani? Lakini tazameni tunayoyaomba. Kifuniko cha pipa. Chandarua kizima. Bawaba. Bei iliyobandikwa mlangoni, mgeni aisome kabla ya kutoa fedha. Na siku ya chumba ihesabiwe saa 24 tangu mgeni alipoingia, au kama hilo ni gumu kwa usafi wa vyumba, basi aingiaye baada ya saa nane za usiku alipe nusu. Halmashauri huchukua ushuru wa nyumba hizi. Sehemu yake na irudi kama ukaguzi wa kweli, si wa kusaini kitabu na kunywa soda.

Mambo mengine mwenye gesti hawezi kuyabeba peke yake. Usiku ule, kwenye benchi la nje ambako watu walikimbilia upepo umeme ulipokatika, tulikaa na mama mmoja kutoka kusini. Mumewe anatibiwa Ocean Road, hospitali iliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo sasa ni taasisi ya saratani. Tiba ya mionzi haitolewi kwa siku moja; mgonjwa huhudhuria siku baada ya siku kwa majuma kadhaa, na dakika zake juu ya mashine ni chache. Muda wote uliobaki yuko mjini, si wa kulazwa, wala si wa kurudi kwao. Bugando, Mwanza, nayo sasa hutoa tiba hiyo, na watu wa Kanda ya Ziwa wamepunguziwa safari. Wa kusini bado waja huku. Kwa bei tuliyoilipa sisi, majuma sita ni shilingi 840,000 za chumba peke yake, kabla ya nauli na chakula. Mama yule alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Alisema hivyo kama mtu asemaye saa.

Vyama vya ushirika, vyama vya wafanyakazi, mifuko ya hifadhi na hata halmashauri za mikoani vina majengo na viwanja katika jiji hili, na vingine vimepangishwa kwa maduka ya simu. Je, halmashauri tatu au nne za kusini haziwezi kushirikiana kupata nyumba moja iliyo karibu na hospitali, yenye vitanda thelathini, jiko la pamoja na kamba ya kuanikia nguo, mgonjwa na mwangalizi wake walipe kadiri ya gharama tu? Watu wa wilaya moja wakiwa mjini huchangishana kusafirisha maiti kwa siku mbili, na fedha hupatikana. Zaweza kupatikana kwa mtu angali hai.

Saa nne asubuhi tulikabidhi ufunguo. Kijana alihesabu taulo. Mama alikuwa mapokezini mbele yetu akilipia usiku wa kumi na tatu, na mumewe alikuwa ameketi kwenye ngazi, kofia mkononi, akimngoja ili waende wakapande mwendokasi.