Jaji Asiwe Mdeni

Mwaka 1986 nilikaimu nafasi ya mkuu wa shule kwa miezi kumi na mmoja. Kila gari la wilaya lilipoingia uwanjani nilitoka nje nikidhani limeleta barua yangu ya kuthibitishwa. Katika muda huo mvulana mmoja alikamatwa na majibu ya mtihani ndani ya soksi. Baba yake alikuwa mkubwa, na jalada langu lilikuwa katika ofisi aliyozoea kunywa chai. Mzee yule hakunitisha wala hakuniletea hata salamu. Mimi mwenyewe nilimsamehe kijana wake, nikaiita huruma. Muhula uliotangulia nilikuwa nimemsimamisha masomo mtoto wa mkulima kwa kosa hilo hilo. Barua yangu ilikuja. Aibu yangu ninayo hadi leo.

Nimeungama ili msomaji ajue ninapotoka ninapozungumzia majaji. Mimi si mwanasheria. Lakini najua jinsi mtu mwema anavyopinda bila kushikwa mkono, ilimradi anajua riziki yake imo katika kalamu ya nani.

Tazama Katiba yetu ya mwaka 1977. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Majaji wa Mahakama ya Rufani wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Jaji Kiongozi na majaji wa Mahakama Kuu wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Sasa tuhesabu, maana hesabu ndiyo niliyofundisha. Tume ina wajumbe sita: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Rufani, Jaji Kiongozi, na wengine wawili. Wote sita, nafasi zao hutokana na uteuzi wa Rais. Tena "kushauriana" si kukubaliana. Katiba hiyo hiyo inasema Rais halazimiki kufuata ushauri anaopewa, isipokuwa pale sheria inapomtaka afanye hivyo.

Zamani jambo hili halikuuma sana. Lakini Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na tangu mwaka 1988 raia anaweza kuzidai mahakamani. Maana yake serikali yenyewe husimama kizimbani kama mimi na wewe. Je, ni haki mshtakiwa amchague hakimu wake? Kesi ya nyani tumempelekea ngedere.

Nitaambiwa kwamba tumekuwa na majaji jasiri. Sikatai. Mwaka 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma aliamua kuwa mgombea binafsi aruhusiwe, na Bunge likakimbilia kubadili Katiba ili kuuzima uamuzi huo. Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Jaji wa kweli hana budi kuwa punda wa namna hiyo kwa aliyemteua. Ila taifa haliwezi kuishi kwa kutegemea bahati ya kupata mashujaa. Nani aliyejenga shule kwa kutegemea kwamba kila mwalimu atakuwa malaika?

Na yule kaimu? Kuanzia Januari hadi Septemba mwaka 2017 mhimili mzima wa Mahakama uliongozwa na Kaimu Jaji Mkuu. Simtuhumu aliyeshika nafasi hiyo kwa lolote. Nauliza tu: kama mimi nilishindwa na mvulana mwenye karatasi ndani ya soksi, kwa nini tumpe mtihani kama huo mtu anayetuamulia mambo ya nchi?

Majirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, walichagua njia nyingine. Tume yao ina wajumbe waliochaguliwa na majaji, mahakimu na mawakili wenyewe. Usaili wa majaji hufanyika hadharani, mwananchi akitazama. Rais huteua waliopendekezwa, na Jaji Mkuu huidhinishwa kwanza na Bunge. Hata huko mambo hayakunyooka: mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41, Rais akakaa na majina hayo hadi Juni 2021, kisha akateua 34 na kuwaacha sita. Sita hao waliteuliwa na Rais aliyemfuata, Septemba 2022. Lakini angalia tofauti. Wakenya waliwajua kwa majina walioachwa, wakadai. Kwetu, hata Tume ikifanya usaili wake, mimi na wewe hatuuoni, na anayeachwa huachwa kimya.

Basi nasema wazi. Majaji, mahakimu na mawakili wachague wajumbe wao wa kuingia katika Tume. Usaili uwe wa wazi. Majina yaliyopendekezwa yatangazwe, na Rais afungwe nayo. Ukaimu wa Jaji Mkuu uwekewe ukomo wa siku. Kuhusu Bunge, lithibitishe Jaji Mkuu, ila nisidanganye: Bunge lililojaa watu wa chama kimoja litapiga makofi tu. Ndiyo maana uzito nauweka kwenye usaili.

Mchakato wa Katiba mpya ulikwama. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Hili lisisubiri huko.

Katika mitihani ya taifa tulificha majina ya watoto, tukaandika namba, ili msahihishaji asijue anamsahihisha nani. Hatukumtukana msahihishaji kwa kufanya hivyo. Tulimwondolea mzigo ambao mimi, mwaka 1986, sikuweza kuubeba.